Mafunda Matatu

Kwenye chumba cha fundi huyu, juu ya cherehani ya pili, kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: MTOTO HAPIMWI KWA MDOMO. Mteja akija na maneno yake, "Mshonee tu ya mwaka jana, fundi, wala hajakua," fundi huinua kidole akaonyesha ukuta bila kunyanyua uso kwenye kitambaa. Mwenye mtoto amlete. Aliyemwacha nyumbani akamfuate. Watu hununa, husema yule mama ana maringo utadhani anawashonea malaika, halafu hurudi, kwa sababu sare zake hazijawahi kumpasukia mtoto kwapani mbele ya wenzake.

Wanamwita Futi. Futi ya kupimia hukaa shingoni mwake tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu katika darasa zima, akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza kushona kwa kuwa nafasi ya kuendelea ilikuwa ya kaka. "Kaka yangu kasoma mpaka akachoka," hupenda kusema, "na suruali zake mpaka leo nazikunja mimi."

Shangazi alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakujali umeshona mashati mangapi. Alikupa kitambaa akaondoka, na akirudi alitazama jambo moja: ulipokosea, ulifumua, au ulipiga pasi ili kosa lisionekane? Aliyepiga pasi alirudishwa kwenye vifungo mwezi mzima, hata kama alikuwa amebakiza wiki moja kuhitimu. Futi alirudishwa mara moja tu. Toka hapo akawa mtu wa kufumua, maisha yake yote, isipokuwa Jumamosi moja.

Aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole, mkubwa wa mwili, mwenye kucheka kwa mabega. Walikaa miaka minane bila mtoto, na majirani wakawa wanamtazama Futi tumbo kabla ya kumtazama uso. Kisha akapatikana msichana, mwembamba na mkali, baba yake akamwita Pini, jina likashika. Kazi ya Pini tangu alipoweza kutambaa ilikuwa kuzunguka chini ya meza na sumaku akiokota pini zilizoanguka. Alipojua kuhesabu akaanza kutoa ripoti.

"Kumi na nne leo, mama. Hiyo mikono yako imekuwaje?"

"Mikono hii ndiyo iliyokulea. Huo mdomo umeutoa wapi?"

"Kwako."

Na baba mtu anacheka kwa mabega.

Pini alipotimiza miaka sita akaanza kunenepa. Shangwe ilikuwa kubwa. Mawifi wakasema sasa mtoto anaonekana ana mama. Futi alifumua sketi ya shule kiunoni akaongeza nusu inchi, baada ya wiki mbili akaongeza nyingine, na alikuwa anaimba huku anashona. Mwalimu ndiye aliyemwita. "Mama, asubuhi huyu mtoto macho hayafunguki. Huu si unene." Kweli haukuwa unene. Yalikuwa maji. Figo zake zilikuwa zimeacha kuyatoa.

Wodi ya watoto wa figo ilikuwa mwisho wa korido: vitanda kumi, dirisha moja kubwa lililotazama mahali pa kufulia mashuka. Daktari bingwa alikuwa mmoja, mzee mwenye sauti ya kengele. Chini yake walipita madaktari vijana waliokuja kusomea ubingwa huohuo, mmoja mmoja, maana ni kazi ngumu na wengi huikimbia. Pini alikuwa akisafishwa damu kwa njia ya tumbo. Mrija mwembamba ulipitishwa karibu na kitovu, maji ya dawa yakaingizwa, yakakaa kidogo, yakatolewa pamoja na uchafu. Yaliyoingia ni lazima yatoke. Kila alfajiri, kabla akina mama hawajaruhusiwa kuingia, mtoto alipandishwa kwenye mizani, kwa sababu mizani ndiyo inayosema kama kuna maji yaliyobaki ndani.

Kunywa kwake kulikuwa kwa kipimo: kikombe kidogo cha plastiki chenye mstari mwekundu, mara nne kwa siku, basi. Mtoto wa miaka saba, midomo inapasuka. Alikuwa akinyonya kitambaa kilicholoweshwa. Siku moja Futi alimkuta akifyonza mswaki, akamfunika shuka kichwani ili asionekane, wakacheka humo ndani wote wawili mpaka sista akaja kuuliza kulikoni.

Jumamosi ile, saa saba mchana, jua limelala juu ya kitanda, Pini akaiona chupa ya mama yake ndani ya kapu. Hakulia. Hilo ndilo lililomvunja Futi, kwamba hakulia.

"Mama, kidogo tu. Kama ya ndege."

Futi akatazama mlangoni. Akafungua chupa. Mtoto akaishika kwa mikono miwili: funda la kwanza, la pili, la tatu. La nne likiwa njiani Futi akamnyang'anya, kwa nguvu, hata maji yakamwagikia mtoto kifuani.

"Mama, sijamaliza."

"Umemaliza," akasema Futi, na chupa akaisukuma chini ya kitanda.

Saa kumi alipombadilisha gauni, kifungo cha kiunoni kiligoma. Gauni alilishona mwenyewe. Alhamisi lilifunga na nafasi ya kidole ikabaki. Akamzungushia futi: vidole vinne zaidi. Mafunda matatu! Daktari kijana alipopita, mwembamba, kalamu mbili mfukoni, Futi akamwita.

"Daktari, kiuno cha mwanangu kimeongezeka."

Daktari akafungua chati. "Uzito wake ni uleule tangu Alhamisi, mama. Kilo kumi na tisa na nusu. Alhamisi, jana, leo."

"Kifungo hakifungi."

"Amekunywa chochote nje ya kipimo?"

Aliuliza kama askari wa getini. Juzi tu Futi alikuwa amemsikia akimkaripia mama wa kitanda cha tatu, mbele ya wodi nzima, kwa ajili ya pande la chungwa. Mama wa watu alilia mpaka akaanza kwikwi. Futi akatazama sakafu.

"Hapana," akasema.

Akawa amepiga pasi juu ya kosa.

Jumapili, saa nne asubuhi, Pini alikufa akiwa amekaa, kwa sababu akilala pumzi ilikuwa inaziba. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mapafu. Watu wengi walimkimbilia, na mirija na mashine na sauti, na katikati ya wote hao yeye alikuwa anamtafuta mama yake kwa macho. Gauni lilikuwa wazi kiunoni.

Siku ya tisa baada ya maziko Futi alimweleza mumewe habari ya chupa. Hakutia chumvi, hakupunguza. Yule mtu mkubwa akakaa kitako sakafuni.

"Ulimnywesha maji," akasema. Hakuwa anauliza.

Akaondoka na lori kwa safari ya siku tatu, na miaka saba ikapita hajarudi. Hakutoa talaka, hakutoa tusi. Alihamia mji mwingine, akawa anatuma salamu kwa shemeji yake, mdogo wake Futi, ambaye hutoboa matundu ya vifungo kwenye chumba hichohicho cha kushonea. "Shemeji, mwambie fundi nipo." Futi naye hujibu bila kusimamisha cherehani, "Mwambie nimesikia."

Na kwa miaka yote hiyo saba Futi alikuwa na swali moja tu, na halikumpa nafasi ya kuwaza jingine: mafunda matatu yanaua? Hakuwahi kumwuliza mtu. Alishona, alikaripia wateja, alicheka inapobidi kucheka, na swali likakaa palepale kama pini iliyosahauliwa ndani ya pindo, ambayo huioni ila ukikaa vibaya inakuchoma.

Sista wa wodi, aliyekuwa akishonewa sare zake hapo, ndiye aliyeleta habari.

"Fundi, nina kazi ya kukaa."

"Kazi zangu zote ni za kukaa, sista. Geuka nipime mgongo."

"Madaktari wa figo za watoto wanaandika kitabu cha viwango. Daktari asome nini, kwa miaka mingapi, afanye nini mara ngapi mbele ya mwalimu wake, ndipo aitwe bingwa. Mpaka sasa kila hospitali inafundisha inavyojua. Wanataka na mzazi mmoja mezani."

"Wameishiwa wenye shahada?"

"Wenye shahada wako kumi. Wanataka mwenye mtoto." Sista akauma mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Aliyekuwa naye," akasema Futi. "Nyanyua mkono."

Sista alipoondoka, mdogo mtu akaweka sindano chini. "Dada, kule utakwenda kufanya nini? Watakumwagia maneno yao marefu, utarudi kichwa kimevimba."

"Nitakwenda kuuliza."

Hakuhitaji kusema kuuliza nini. "Utawaambia ni wewe?"

"Nitauliza kama nauliza la jirani."

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya hospitali, meza ndefu, viti vya kuzunguka. Mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji, baridi, inatoka jasho. Futi aliigeuza yake ili maandishi yatazame ukutani, akakaa mikono mapajani. Mwenyekiti alikuwa mzee yuleyule wa sauti ya kengele. Alishastaafu wodi, nywele zimekuwa pamba tupu. Hakumkumbuka Futi. Wazazi waliopita mbele yake ni wengi mno.

Siku ya kwanza ilikuwa ya namba. Mmoja anataka miaka mitatu ya mafunzo, mwingine anasema miwili inatosha, wagonjwa wanasubiri. Mirija ya tumboni, mwanafunzi aweke ishirini akisimamiwa, au thelathini? Kuchukua kipande cha figo kwa sindano, mara ngapi? Na mwalimu mmoja aruhusiwe kuwa na wanafunzi wangapi, asije akawa anatia sahihi kazi ambayo hakuiona? Walibishana kwa adabu, kila mtu akimwita mwenzake daktari kabla ya kumpinga.

"Mama yetu hatujamsikia," akasema mwenyekiti.

"Mnahesabu vizuri," akasema Futi. "Ila mimi nimefundisha mafundi kumi na mmoja. Msichana anaweza kunishonea kola arobaini, zote zimepinda. Huyo mtamwandikia kola arobaini?"

Meza ikacheka.

"Basi. Mimi simhesabii tu. Namtazama akikosea. Akifumua, namwachia mkasi wangu. Akipiga pasi juu ya kosa, awe na mkono mwepesi namna gani, anarudi kwenye vifungo."

"Na utajuaje kwamba amepiga pasi?" Aliyeuliza alikuwa daktari mnene mwenye ndevu, aliyekaa mwisho wa meza. Aliwahi kuyaacha masomo ya ubingwa miaka kadhaa akayarudia, sasa alikuwa amebakiza miezi michache kumaliza, na hapo aliwasemea wanafunzi.

"Mvaaji anajua, daktari. Ni kwamba hatumwulizi."

Yule mwenye ndevu akainamisha kichwa, akaandika kitu, akakifuta.

Wakati wa chai Futi alimsogelea mwenyekiti, swali likiwa limeshafika kwenye meno. Akafungua mdomo. "Daktari, hii suti ulishonewa wapi?"

"Kwa nini, mama?"

"Bega la kushoto lilimshinda fundi."

Mzee akacheka, akajishika bega. Futi akarudi kwenye kiti chake akajilaani kimoyomoyo, mwoga wee.

Siku ya pili kila mmoja alitakiwa alete kisa kimoja bila jina, kosa ambalo mafunzo mazuri yangelizuia. Wakubwa walisimulia makosa ya wengine. Zamu ilipofika mwisho wa meza, yule mwenye ndevu akasimama. Akaiweka karatasi mezani asome akiwa ameinama.

"Hiki ni cha kwangu mwenyewe," akasema. "Mtoto wa kike, miaka saba. Anasafishwa kwa njia ya tumbo. Alhamisi asubuhi alipimwa, kilo kumi na tisa na nusu. Alhamisi mchana mizani ya wodi iliazimwa na watu wa chanjo, haikurudishwa. Ijumaa niliandika kumi na tisa na nusu. Jumamosi niliandika kumi na tisa na nusu. Sikuwa nimempima."

Futi akaushika ukingo wa meza.

"Kwa nini?" akauliza daktari mmoja mwanamke.

"Kulikuwa na ziara ya bingwa saa mbili asubuhi. Chati yenye kisanduku kitupu ilikuwa inarushwa sakafuni, mbele ya wazazi. Kilichojazwa hakikuulizwa kimejazwa na nini. Nikajifunza haraka." Akageuza karatasi. "Mrija ulikuwa umejikunja ndani. Maji yaliingia mengi yakatoka machache, siku tatu. Jumamosi jioni mama yake aliniambia kiuno kimeongezeka, kifungo cha gauni hakifungi. Nilimsomea karatasi yangu mwenyewe. Jumapili mtoto alifariki. Mizani ikarudi saa sita, na sista akampima. Kilo ishirini na mbili na gramu mia saba."

Futi akasikia sauti yake ikitoka, kavu, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya uzi.

"Mafunda matatu ya maji yana uzito gani?"

Watu wakageuka. Mwenyekiti akadhani mama wa watu amepotea katikati ya hesabu, akamjibu kwa upole. "Ya mtu mzima?"

"Ya mtoto. Wa miaka saba."

"Funda moja la mtoto, tuseme gramu ishirini. Matatu, gramu sitini."

"Na yeye alizidi ngapi?"

"Kilo tatu na gramu mia mbili."

"Angekunywa mafunda mangapi ili azidi hivyo?"

Mzee akapiga hesabu kwenye pambizo ya karatasi. Alikuwa ameanza kumtazama vizuri. "Mia moja na sitini, mama."

"Kwa hiyo yale matatu…"

"Yale matatu hayakuongeza kitu. Hayawezi kumwua mtoto."

Yule mwenye ndevu alikuwa amesimama vilevile. Ndipo Futi akaona, kwenye mfuko wa shati lililobana, kalamu mbili. Miaka saba ilikuwa imempa mwili na nywele za usoni. Kalamu hakuziacha.

"Mama Pini," akasema.

"Uliniuliza," akasema Futi. "Uliniuliza kama amekunywa chochote, nikakwambia hapana. Alikunywa mafunda matatu. Nilimpa mimi."

"Hata kama ungeniambia…"

"Ngoja. Nilikwambia hapana kwa sababu nilikuogopa. Ulivyomtia aibu yule mwenye chungwa. Na wewe uliandika uongo kwa sababu ulimwogopa," akaonyesha kwa kidevu upande wa mwenyekiti, "huyu. Mtoto wangu alikuwa katikati yetu, hana mtu wa kumwogopa, yeye alikuwa na kiu tu."

Mwenyekiti alivua miwani. Kengele ya sauti ilikuwa imepasuka. "Chati nilizirusha kweli," akasema. "Nilidhani nafundisha."

Daktari mwanamke akamsogezea Futi chupa ya maji. Futi akaitazama kama mtu anayetazama nyoka, na yule daktari akairudisha haraka.

Jioni waliandika kipengele. Mmoja wa wakubwa alisema, kwa adabu zake, kwamba jambo hili ni dogo mno kwa kitabu cha taifa zima, linafaa kubandikwa ukutani wodini. Futi akasema kwake yeye vitu vya maana ndivyo hubandikwa ukutani, ila kama wao vitu vya maana huviweka kitabuni basi waweke kitabuni. Wakaweka. Mwenye ndevu aliandika, mwenyekiti alisoma kwa sauti: mwanafunzi wa ubingwa ampime mtoto uzito yeye mwenyewe, asipompima aandike kwamba hakumpima, na asiadhibiwe kwa kisanduku kitupu, aulize mzazi alichokiona na alichompa mtoto, na aulize kwa namna ambayo mzazi ataweza kusema kweli, mwalimu amtazame akiuliza, ndipo atie sahihi.

"Hapo 'kwa namna ambayo mzazi ataweza kusema kweli' mtapimaje?" akauliza yule mkubwa.

"Mtamwuliza mzazi," akasema Futi. "Kesho yake. Yule daktari akiwa hayupo."

Ikapita. Wakampa kalamu atie sahihi yake kama mwakilishi wa wazazi. Mwenye ndevu alimfuata mlangoni, akasimama kama mtoto aliyeitwa ofisini, mikono haijui pa kwenda.

"Mama, sijui nikuombe nini."

"Usiombe," akasema Futi. "Umefumua. Mimi nimekuja hapa siku ya pili, bado nilikuwa napiga pasi." Akamtazama shati. "Na hilo shati linakubana. Njoo nikupime."

Alitembea mpaka kwake, jua likiwa halijazama. Mdogo wake alimwona mlangoni akajua kuna jibu.

"Enhe?"

"Kilo tatu na gramu mia mbili. Yale matatu ni gramu sitini."

Mdogo mtu hakuwa mtu wa hesabu, akahesabu kwa vidole, akaacha, akapiga kelele. "Si wewe! Dada, si wewe! Miaka saba unajiua bure!" Akamkumbatia dada yake, akalia, akacheka, akaangusha kopo la vifungo vikatawanyika chumba kizima. "Nampigia shemeji. Nampigia sasa hivi!"

Futi alikuwa amesimama tu. Alikuwa ameingoja siku hii miaka saba, na aliwahi kudhani ikifika atalala sakafuni ashukuru. Kitu kingine kilikuwa kimekuja mahali pake, kikakaa. Kama mafunda matatu hayakuwa kitu, basi na la nne halikuwa kitu. Na la tano. Pini angeweza kuimaliza ile chupa. Angekunywa akashiba, akapumua, akaupangusa mdomo kwa mkono kama anavyofanya mtu aliyekunywa maji. Alibakiwa na jioni moja tu na usiku mmoja duniani, na chupa ilikuwa chini ya kitanda, karibu kujaa.

"Shemeji," mdogo mtu alikuwa anasema kwenye simu, maneno yakikanyagana, "kaa kando ya barabara usikilize. Haikuwa maji. Madaktari wenyewe wamesema. Wamepiga hesabu. Haikuwa yale maji aliyompa, ilikuwa mambo yao huko ya mizani… Ongea naye. Chukua, dada."

Futi akachukua. Alisikia injini ya lori ikiunguruma mahali imesimama, kisha ikazimwa.

"Fundi," akasema mumewe. Sauti ilikuwa imezeeka.

"Nipo."

"Haikuwa maji?"

"Haikuwa."

Akasikia pumzi ndefu, ya mtu mwenye mwili mkubwa. Pengine alikuwa anatikisika mabega, na safari hii si kwa kicheko.

"Basi angalau alikunywa," akasema. "Nimekuwa nikilifikiria hilo barabarani. Usiku nikiendesha. Nasema, lile kosa la mama yake, lakini angalau mtoto alikunywa. Alikata kiu, sivyo?"

Mdogo mtu, aliyekuwa ametega sikio karibu, akatikisa kichwa kwa nguvu: mwambie ndiyo. Neno moja tu, dada, mwambie ndiyo. Futi akatazama kile kipande cha boksi ukutani, na vifungo vilivyotapakaa chini ya meza, ambako siku hizi hakuna anayeingia kuokota.

"Hapana," akasema. "Nilimnyang'anya. Alisema hajamaliza."

Mdogo wake akapiga magoti, akaanza kuokota vifungo kimoja kimoja, polepole, kama mtu asiyetaka vimwishie. Futi alibaki na simu sikioni. Alingoja asikie ikikatwa, kama ambavyo angekata mtu yeyote.

Haikukatwa. Alikuwa bado yuko pale, anapumua. Naye Futi hakukata.